Andika Yakini

Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto Bagamoyo miaka ishirini na mitatu, wa mjini na wa mashambani, na sijapata kumwambia mzazi "huenda". Mtoto yuko hai au hayuko. Kondo la nyuma limetoka lote au kipande kimebaki. Mwanamke mwenye uchungu hataki "pengine". Anataka kuambiwa la kufanya.

Mwanangu Msabaha nilimlea hivyohivyo. Alipokuwa mdogo nilimtuma jikoni akaangalie kama maji yamechemka. Akirudi na "nadhani yamechemka, mama", namrudisha. "Nadhani haisongi ugali," namwambia. "Nenda kaangalie." Alikua hivyo, mtu wa neno moja. Alipojifunza useremala, fundi wake alinisifia kwamba kijana huyu hakadirii ubao kwa jicho, anapima.

Alimwoa Ashatu mwishoni mwa mwaka wa thelathini na sita, Mfungo Mosi, Ramadhani imekwisha. Ashatu ni binti wa Adija, shoga yangu tangu tulipokuwa chuo cha Kurani tunachapwa fimbo moja na mwalimu mmoja. Kabla ya posa kupokelewa, Adija alikuja kwangu kuuliza lile ambalo kila mama wa pwani huuliza.

"Shoga, maziwa," alisema. "Mwaka wa homa ulikuja Makurunge. Ulimnyonyesha nani?"

"Mtoto wa mdogo wako Tatu. Yule aliyekufa."

"Basi. Alhamdulillahi."

Aliuliza kwa sababu sheria yetu haina mchezo hapo. Mtoto asiyetimiza miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano, amekuwa mwanawe. Watoto wa kuzaa wa mwanamke huyo ni ndugu zake wa ziwa, na ndugu hawaoani. Hata wakioana kwa kutojua, siku wakijua ndoa haipo.

Mwaka wa homa ni ule uliofuatia vita vya Mjerumani, homa iliyoua watu hata majeneza yakapokezana mlangoni mwa msikiti. Watu wa mjini walikimbilia mashambani wakifikiri homa haijui kutembea. Mama yake Adija, Bi Mgeni, alikuwa na shamba Makurunge. Nilifika huko nimembeba Msabaha mgongoni, ana miezi minane. Nilimkuta Adija amelala mkekani anaweweseka, na mdogo wake Tatu kando yake, naye hoi. Kila mmoja alikuwa na mtoto mchanga wa kike. Wa Adija ni Ashatu, wa Tatu ni Mina. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili upepo usiingie. Bi Mgeni akanipa mtoto gizani.

"Huyu mama yake maziwa yamekauka," alisema. "Mpe."

Nikampa. Sikuuliza ni wa nani. Mtoto mwenye njaa haulizwi ukoo. Nilimnyonyesha mara saba kwa siku mbili. Alikuwa na hirizi shingoni, na hirizi ile ilikuwa na ncha, ikanichubua chini ya chuchu ya kushoto. Siku ya tatu homa ikanipata mimi, nikarudishwa mjini kwa machela. Nilipopata nafuu nikasikia Bi Mgeni amefariki, na mtoto wa Tatu amefariki. "Yule uliyemnyonyesha," niliambiwa, "amekufa." Nani aliniambia? Sikumbuki. Nililia kidogo, nikaendelea na kazi. Tatu aliolewa tena Ubena, mbali huko kwenye njia ya bara, na ni nadra kumwona pwani.

Ndivyo nilivyojua, na ndivyo nilivyomjibu Adija, na watoto wakaoana. Waliishi nyumbani kwangu, chumba cha uani. Walipendana waziwazi kiasi cha kuudhi. Msabaha akirudi kazini hupitia jikoni kwanza, si kunisalimu mimi. Nikamwambia siku moja, "Shikamoo huwa inatolewa kwa chungu siku hizi?" Ashatu alicheka mpaka akaketi chini.

Mwezi wa Machi mwaka wa thelathini na nane Ashatu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimpima kwa mikono yangu mwenyewe, mtoto amekaa vizuri, kichwa chini. Siku hiyo alikuwa anapanga vitu vya mtoto kitandani: nguo za kanga kuukuu zilizolainika, mafuta, wanja, na kikopo cha bati. Akakifungua kikopo akatoa hirizi.

"Hii nitamvisha mwanangu, mama. Ilikuwa yangu."

Niliichukua. Ngozi ya mbuzi, ya pembe nne, imeshonwa kwa uzi mweusi. Pembe moja ilikuwa imepasuka zamani ikafungwa kwa waya wa shaba, na ncha ya waya imechomoza.

"Yako tangu lini?"

"Tangu uchangani. Mama anasema sikuivua mpaka nilipoanza chuo. Unakwenda nayo wapi?"

Niliingia chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikafungua gauni. Kovu langu lipo mpaka leo, dogo kama punje ya mchele. Niliiweka ile ncha juu yake. Ilikaa.

Nilifikiri hivi, na nilifikiri upesi kama ninavyofikiri kwenye kitanda cha mzazi. Kwamba mtoto niliyemnyonyesha ndiye aliyekufa, hilo niliambiwa. Hirizi iliyonichubua, hilo nililipata mwilini mwangu. La kuambiwa na la kupatwa, lipi lina nguvu? Basi aliyenyonya kwangu hakufa. Alikuwa anapanga nguo za mtoto chumba cha pili.

Nilikwenda kwa Adija mchana uleule. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama ndani ya ungo.

"Haiwezekani," alisema. "Mimi nilimnyonyesha mwenyewe."

"Ulikuwa hujitambui."

"Namkumbuka kifuani kwangu, Sihaba. Nadhani ni siku zilezile. Nakumbuka uzito wake."

"Unadhani. Siku zile ulikuwa unaongea na kuku, ukimwita shemeji."

"Hilo silikumbuki."

"Ndiyo nasema."

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilikuwa na haraka ya kumwambia mwanangu kabla usiku haujaingia, kwa sababu usiku wangelala kitanda kimoja.

Siku ya tatu tulikuwa mbele ya kadhi. Sheikh Sadallah alikuwa mzee mwembamba asiyependa kupandisha sauti. Kando yake aliketi karani wake, Mwinshehe, na daftari kubwa. Tuliketi mkekani: mimi, Adija, Msabaha, na Ashatu nyuma yetu, tumbo mbele.

"Bi Sihaba," kadhi alianza, "mtoto yule ulimwona uso?"

"Kulikuwa na giza."

"Basi uliona nini?"

"Sikuona. Niliguswa. Hirizi hii ndiyo iliyonichubua, na alama ninayo. Nikuonyeshe?"

"Alama sitaiangalia," alisema upesi, na Mwinshehe akapata kikohozi. "Hirizi hii nani aliitengeneza?"

Adija alijibu. "Sijui, sheikh. Nilipozinduka nilimkuta mwanangu nayo shingoni. Wa kumuuliza alikuwa mama, naye amekwisha zikwa."

"Na wewe unakumbuka kumnyonyesha mwanao?"

"Nadhani nakumbuka."

Kadhi alinigeukia. "Wewe nawe homa ilikushika siku ya tatu. Homa hubisha hodi kabla ya kuingia, bibi. Siku ya pili ulikuwa mzima kabisa?"

"Mzima kabisa. Mara saba, nilizihesabu."

"Sikiliza. Kuna yakini, na hiyo ni jua la saa sita. Kuna dhana, hapo umeegemea upande mmoja lakini mguu wa pili hujaunyanyua. Kuna shaka, mizani imesimama katikati. Na kuna fikira tu, inapita kichwani kama popo. Mungu hatuulizi kwa nini tulikuwa na shaka. Hutuuliza kwa nini tuliiita jina jingine. Wewe uko wapi?"

"Juani, sheikh."

Alimwashiria karani asome alichoandika. Mwinshehe akasoma: "'Shahidi anadhani kwamba mtoto aliyemnyonyesha ni Ashatu.'"

"Futa," nilisema. "Sikusema nadhani. Andika yakini."

Karani alimtazama kadhi. Kadhi alikuwa ananitazama mimi.

"Yuko Tatu, Ubena," alisema. "Alikuwamo chumbani. Sasa masika, mito imejaa, lori hazivuki. Ardhi ikikauka tutamwita. Mwezi mmoja, mmoja na nusu. Mpaka hapo walale mbalimbali, nasi tuandike shaka."

"Na mtoto akizaliwa ndani ya hiyo shaka? Mji huu unaujua, sheikh. Wataanza kunong'ona kabla kitovu hakijakatika. Afadhali lijulikane moja, azaliwe watu wamekwisha choka kulisema. Na hao wawili, ukiwaambia ni shaka, watalala mbalimbali siku ngapi? Mbili?"

Nilikuwa na hoja. Mpaka leo nikizipitia hoja zangu moja moja naona zilikuwa nzuri.

"Mwanamke mmoja hatoshi kuvunja ndoa," kadhi alisema taratibu. "Hata akiwa wewe. Lakini mume akisadiki, maneno yake mwenyewe yanamfunga. Msabaha, unasemaje?"

Msabaha alinitazama. Alikuwa amekonda kwa siku tatu, ngozi imeshika taya. Nilifikiri atakataa. Naapa nilikuwa tayari akatae, nilikuwa nimejiandaa kubishana naye.

"Mama hasemi asilolijua," alisema.

Hapo Ashatu akasema kutoka nyuma, "Mimi hamniulizi?"

"Ulikuwa mchanga, binti yangu," alisema kadhi.

"Najua. Lakini nimekaa naye mwaka na zaidi. Angekuwa ndugu yangu, mwili usingejua?"

Mimi ndiye niliyemjibu, kwa sababu hilo ni la fani yangu. "Mwili haujui ukoo, mwanangu. Mwili unajua njaa na uchungu basi."

Kadhi alimwashiria Mwinshehe, naye akakwaruza 'anadhani' akaandika 'ana yakini' juu yake; ndoa ikahesabiwa haipo.

Ashatu alikwenda kujifungulia Vigwaza, kwa ndugu wa baba yake. Njia mpaka hapo ilikuwa bado inapitika. Msabaha alimbebea mzigo hadi kwenye lori. Sisi kina mama tulisimama kando. Dereva alikuwa anapiga honi, abiria wanagombania nafasi juu ya magunia ya chumvi, na hao wawili wamesimama hawajui waagane vipi. Mume na mke hawapeani mikono mbele za watu. Ndugu hupeana. Mwishowe Msabaha akanyoosha mkono.

"Kwaheri, dada," alisema.

Ashatu aliushika. Alikuwa analitafuta neno, nikaona midomo inalitafuta.

"Kwaheri, kaka."

Mji ulisema kama nilivyojua utasema. Sokoni mwanamke mmoja, ambaye wanawe watatu wote nimewapokea mimi, aliniuliza kwa sauti: "Bi Sihaba, mjukuu akizaliwa atamwita Msabaha baba au mjomba?" Mwenzake akadakia: "Amwite bamjomba, yaishe." Nikawaambia wacheke vizuri, meno yenyewe wamebakiwa nayo machache. Nilirudi nyumbani na samaki wangu. Msabaha alikuwa uani anatengeneza kitanda kidogo cha mtoto. Alikianza kabla ya hayo yote, na hakuacha. Alipiga randa ubao mmoja siku nzima mpaka ukawa mwembamba wa kutofaa, akachukua mwingine.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Mei. Habari ililetwa na dereva wa lori: ni wa kike, wote wazima, ameitwa Mosi. Watoto wa nusu ya mji huu wamepita mikononi mwangu. Wa mwanangu alipokewa na mwanamke wa Vigwaza ambaye simjui hata jina.

Siku ya arobaini nilikwenda. Sikualikwa, lakini bibi haalikwi. Adija alinipokea kwa adabu, yaani vibaya. Alinipa kiti badala ya kunipa kisu na vitunguu. Ashatu alinisalimia, "Shikamoo, mama," na lile neno mama lilikuwa na maana mbili sasa, zote mbili nimempa mimi. Uso wake ulikuwa umetulia. Nilidhani amepona. Aliniwekea mtoto mapajani. Shingoni mwa mtoto ilikuwapo ile hirizi.

Kabla ya adhuhuri Tatu akafika kutoka Ubena. Alikuwa amezeeka kuliko dada yake. Walikuwa wamemwambia tu kwamba Ashatu na mumewe wameachana; sababu hakuna aliyetaka kuitia mdomoni. Alipokea pole ya safari, akanawa miguu, akaja kumtazama mtoto. Akainama. Kisha akaishika ile hirizi kwa vidole viwili.

"Nani kamvisha mtoto kitu hiki?"

"Cha mama yake," alisema Adija. "Tangu utotoni."

"Si cha mama yake. Cha Mina wangu."

Wanawake waliokuwa wakimenya waliacha kumenya.

Tatu aliketi chini. "Baba yake Mina alikitengenezesha Pangani; nilipofika nacho Makurunge, dada alikuwa hajitambui tena. Huu waya nilifunga mimi. Mina alipokufa, mama alimvua kabla ya kumwosha, maana maandiko hayazikwi. Akamvisha Ashatu palepale, kwa kuwa Ashatu hakuwa na chochote na alikuwa ameanza kukohoa. Mwanangu bado ana joto." Alimtazama dada yake. "Siku tatu baadaye mama naye akafa. Ningekwambiaje kwamba mwanao amevaa cha maiti? Nikanyamaza. Nilikuwa nikikiona shingoni mwake, nageuza uso. Ndiyo maana sikupenda kuja pwani."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Na niliyemnyonyesha mimi?"

"Mina. Nani mwingine? Maziwa yalinikauka mimi, dada Sihaba. Adija alikuwa nayo mpaka yanalowesha mkeka, hata akiwa hajitambui. Mama alikuwa akimlaza Ashatu kifuani pake, anajinyonyea mwenyewe. Nilikuwa naona yote, macho yamekwisha zoea giza. Nilikuwa sina nguvu ya kusema tu."

"Una yakini?"

Lilinitoka kwa mazoea. Tatu aliwageukia waliokuwa wakimenya.

"Nilimzika mtoto," alisema, "ananiuliza kama nina yakini."

Adija aliinuka akaingia ndani. Tulimsikia huko analia, halafu tukasikia anasema peke yake, tena na tena: "Nilikumbuka. Nilikumbuka."

Sheikh Sadallah hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alimsikiliza Tatu, akamwapisha, akamwambia Mwinshehe atafute ule ukurasa. Neno langu lilikuwa palepale, limeandikwa juu ya mkwaruzo, na chini yake bado unaweza kulisoma lile la kwanza.

"Nifute?" aliuliza karani.

"Usifute. Andika chini yake."

Kisha alimwambia Msabaha kwamba alichokiri alikijenga juu ya maneno ya mama yake, na maneno yameanguka, basi na kukiri kumeanguka. Ndoa haikuvunjika. Ashatu ni mkewe. "Nenda kamchukue mkeo," alisema, na nadhani hata yeye alitabasamu.

Msabaha alinyoa siku ileile. Alikifunga kile kitanda kidogo juu ya lori kwa kamba mbili, akakishika njia nzima kana kwamba mtoto amekwisha lala ndani. Hakunisemesha, lakini hakunizuia kwenda naye. Nilijiambia kosa limetokea, limerekebishwa, miezi minne tu. Nimeona mifupa iliyovunjika ikaunga.

Ashatu alikuwa amekwisha pata habari ya kadhi. Alitupokea, akampa Msabaha mtoto ambebe kwa mara ya kwanza, akaniita mimi chumbani. Alifunga mlango.

"Siwezi, mama," alisema.

"Huwezi nini? Kadhi amesema ni halali. Tatu ameapa. Jambo limekwisha, mwanangu. Hakuna shaka tena."

"Najua. Nimeelewa yote." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nilipofika hapa sikuweza kulala. Kila nikimkumbuka, naona dhambi. Basi nikajifunza. Kila nikimkumbuka nasema, kaka. Nikikumbuka alivyonishika, nasema kaka, nasoma istighfari, mpaka nikatapika. Mtoto alipokuwa anatoka nilikuwa naomba toba, mama, kwa uchungu wote ule, siombi kupona, naomba toba. Siku moja nikamkumbuka na sikusikia kitu. Kaka tu. Nikashukuru Mungu."

"Itarudi. Ni muda."

"Amenisogelea sasa hivi kunipokea mtoto. Mkono wake umegusa wangu." Akanionyesha mkono wake. Malaika ya ngozi yalikuwa yamesimama. "Ulisema mwili haujui ukoo. Wangu umefundishwa."

Nilikaa mle chumbani. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu niliketi na mwanamke mwenye uchungu nisiwe na la kumwambia.

Msabaha hakumlazimisha. Alikaa Vigwaza siku tisa, analala kwa jirani, anakuja asubuhi kumbeba Mosi na kuzungumza na Ashatu mbele ya mlango. Alijaribu kumchekesha. Ashatu alicheka pia, na hilo ndilo lililomvunja, maana alicheka vile dada anavyocheka. Siku ya kumi alimpa talaka aliyoiomba. Kitanda kidogo kilibaki huko, mtoto alikuwa amekwisha kuzoea kukilalia.

Tuliporudi alikaa kando yangu kwenye lori. Tulipita vijiji viwili. Kisha, bila kunigeukia, bila hasira, akasema:

"Ungesema tu nadhani, mama. Ingetosha. Mwezi mmoja na nusu."

Hakurudia tena neno hilo. Anakaa nami mpaka leo. Ananiheshimu, ananiletea dawa nikiumwa. Nikimwambia mvua itanyesha, hutoka nje kuangalia mwenyewe.

Idi iliyofuata tulikwenda wote wawili kumwona Mosi. Eda ilikuwa imekwisha siku nyingi. Ashatu alikuwa uani anapepeta mchele, kichwa wazi, kanga mabegani. Hakutusikia. Mosi ndiye aliyetuona kwanza, akaanza kutambaa kuja kwa baba yake kwa kasi, goti moja likiburuta.

Ashatu akainua macho. Alimwona Msabaha, na mkono wake ukaenda kwenye kanga. Mwanamke hujitanda mbele ya mwanamume aliyemwacha. Huyo ni mtu baki. Mbele ya kaka yake hajitandi. Mkono uliinua upindo wa kanga ukafika sikioni, ukasimama. Haukupanda wala haukushuka. Alinitazama mimi, mkono ukiwa hewani, kama wanawake wenye uchungu wanavyonitazama wanapotaka kujua kama wasukume au wangoje.

Sikujua.